Kufunga Geti la Mbao Katika Ukuta wa Matofali ya Kuchoma

Mlaji anayenunua geti la mbao mjini Tabora huuliza kwanza habari za mbao: je, ni mninga au ni mti mwingine? Swali hilo ni jema. Hata hivyo, geti likianguka, mara nyingi mbao zake hukutwa nzima kabisa. Kilichoachia ni ukuta.

Kuta nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kisha saruji hupakwa juu kama lipu. Ukuta wa namna hiyo huhimili paa, kwa sababu uzito wa paa hukandamiza kwenda chini. Geti huvuta kuelekea pembeni. Chukua geti la kilo 60 lenye upana wa mita 1.2. Bawaba zake zikiachana kwa mita 1.2, bawaba ya juu huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 30. Bawaba zikisogezwa hadi ziachane kwa sentimita 60 tu, mvuto huo huwa kilo 60. Mtoto akining'inia kwenye ncha ya geti, mvuto huongezeka maradufu, naye ndiye atakayekuwa chini yake.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Mlango wa kuchongwa wa mtindo wa pwani haukuning'inizwa kwa bawaba; ubao wake ulizunguka juu ya ncha zilizoingia katika matundu ya kizingiti cha chini na cha juu, hivyo uzito ukaishia chini. Mtindo huo ulifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na milango ya kuchongwa ingali inaonekana katika tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872.

Kabla ya kupatana bei, kwaruza kiungo cha matofali kwa msumari mahali pasipo na lipu. Kikimomonyoka, ni udongo. Hapo usikubali bawaba zifungwe kwa skrubu na vishikizo vya plastiki, hata fundi akikuhakikishia kuwa amefanya hivyo kwa majirani wote. Njia iliyo salama ni kujenga nguzo ya zege yenye nondo na msingi wake wenyewe kando ya ukuta, vyuma vya bawaba vikiwa vimezikwa ndani ya zege. Nguzo imwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7 kabla ya kupokea mzigo wowote. Gharama huongezeka, ni kweli, lakini geti likianguka utalilipia mara ya pili.

Ikiwa ukuta umejengwa kwa saruji, bolti inayopenya ukuta mzima, yenye bamba la chuma na nati upande wa pili, hushika kuliko skrubu. Tundu litobolewe katikati ya tofali, mbali na ncha ya ukuta.

Geti lenyewe liwe na ubao wa mshazari unaoanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo. Ukigeuzwa, geti huinama. Mbao mbichi hujikunja zikikauka, na mbao kavu hutanuka mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Acha nafasi ya kidole kimoja upande wa komeo. Mwimo wa mbao usiguse udongo, kwa ajili ya mchwa.

Usimalize malipo siku ya kufunga. Fungua geti nusu na uliachie: likitembea lenyewe, nguzo haikusimama wima kwa timazi. Dai risiti inayotaja aina ya mbao, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko yasiyo na maandishi ni vigumu kuyathibitisha mbele ya Tume ya Ushindani.