Wamaina wa Lini? Simulizi Zetu na Hesabu ya Miaka

Wiki hii nataka nizungumzie jambo ambalo ukilitazama juu juu utaliona ni la watoto. Nalo ni michezo ya kompyuta. Nawaomba wazazi wasifunge redio, wala msomaji asifunue ukurasa wa mpira kabla hajanisikiliza, kwani mwisho wa maneno haya tutakuwa tumefika Genkuru, kule Tarime, na hapo si mchezo tena.

Vijana wetu wa mijini siku hizi hucheza michezo ambayo kila mmoja una nchi yake ya kubuni. Nchi hiyo ina wafalme wake, vita vyake, mizimu yake na magofu yake. Lakini mtengenezaji wa mchezo hakupi historia ya nchi hiyo kwa utaratibu kama wa kitabu cha shule. Huitawanya. Kipande kimoja kimechongwa ukutani, kingine kimo katika maelezo ya upanga uliouokota, kingine kimo kinywani mwa bibi kizee uliyemkuta njiani. Kazi ya kuviunganisha vipande hivyo anaachiwa mchezaji. Hivyo utawasikia vijana wakibishana hadi usiku wa manane: je, mji huu uliungua kabla ya mfalme yule kuuawa, au baada yake?

Mchezo uitwao The Legend of Zelda, wa kampuni ya Nintendo ya Japani, ulianza mwaka 1986. Matoleo yaliyofuata hayakwenda mbele tu kwa wakati. Mengine yalirudi nyuma na kusimulia mambo ya kale zaidi. Wapenzi wake walibishana kwa miaka mingi juu ya lipi linatangulia lipi, mpaka mwishoni mwa mwaka 2011 kampuni ilipotoa kitabu kiitwacho Hyrule Historia, kilichoyapanga matoleo yote katika mfuatano mmoja, ambao katikati yake unagawanyika kuwa njia tatu. Mchezo mwingine, Elden Ring, ulitoka mwaka 2022, na historia yake ya kale alisaidia kuiandika mwandishi wa riwaya George R. R. Martin. Huo nao huifumba habari yake katika vipande vidogo vidogo vya maelezo.

Na sisi tumo. Mwezi Aprili 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyesukumwa na msiba wa baba yake. Unaweza kuucheza ukisikia sauti za Kiswahili. Humo kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili baba yake arudishwe. Jina Kalunga linatoka kwa watu wa Kongo na jirani zao. Njiani Zau anakutana na Impundulu, ndege wa radi anayesimuliwa na Waxhosa na Wazulu, na GaGorib, ambaye ni wa simulizi za Wakhoikhoi. Msanii amechukua huku na kule, kutoka Kongo hadi Rasi ya Afrika Kusini, akaviweka pamoja bila kuuliza kipi kilitangulia kipi. Ni haki yake. Nchi ni ya kwake, na akiulizwa mwaka, atautunga.

Sisi wengine hatuna haki hiyo. Hebu sasa twende Genkuru.

Genkuru ni kijiji cha Wakurya, jirani na Nyamongo, upande huu wa Mto Mara. Ukivuka mto unaingia Serengeti. Wazee wa huko, kama wazee wa Ukurya wote, wanayo historia ndefu, nayo imetawanyika kama ile ya michezo. Iko katika majina ya koo, katika wanyama ambao ni mwiko, katika majina ya vilima na katika majina ya marika. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kampuni itakayotoa kitabu cha kumaliza ubishi.

Tuanze na marika, kwa sababu ndiyo kalenda ya Mkurya. Kila Mkurya huzaliwa ndani ya rika la kizazi, liitwalo irikora. Majina yake ni manane, nayo yamegawanyika katika pande mbili. Upande mmoja ni Wasai, Wanyambureti, Wagamunyere na Wamaina. Upande wa pili ni Wachuma, Wanyangi, Wamairabe na Wagini. Mtoto haingii rika la baba yake, bali huingia lile linalofuata katika upande huo huo. Majina ya kila upande yakiwa manne, hesabu yake ni nyepesi: rika lako ni lile la babu wa babu yako. Mtaalamu Malcolm Ruel aliyaeleza marika haya katika jarida la Africa mwaka 1962, na wazee hawakuhitaji jarida kuyajua.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba jina halipotei. Ubaya wake kwa mtu anayetafuta miaka ni huo huo: jina hurudi. Tuseme mzee anakuambia kwamba ukoo wake ulivuka Mto Mara wakati wa Wamaina. Vema, lakini Wamaina wa lini? Chukua Mmaina aliyezaliwa mwaka 1950. Ukihesabu miaka 25 kwa kila kizazi, babu wa babu yake, ambaye naye ni Mmaina, alizaliwa karibu na mwaka 1850. Ukihesabu miaka 35, alizaliwa karibu na mwaka 1810. Rudi nyuma mzunguko mmoja zaidi na utapata Wamaina wengine, waliozaliwa karibu na 1750 kwa hesabu ya kwanza, au 1670 kwa hesabu ya pili. Tofauti iliyokuwa ya miaka 40 imekwishafika 80. Tena kumbuka kuwa mzee mwenye wake wengi aliweza kuzaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 20 na wa mwisho akiwa na 60, na watoto wote hao wakawa rika moja.

Kwa hiyo rika peke yake halitoshi. Tunahitaji kigingi, yaani tukio ambalo wazee wanalikumbuka na ambalo mwaka wake umeandikwa mahali pengine. Bahati njema vigingi tunavyo.

Cha kwanza ni sotoka. Maradhi hayo ya ng'ombe yaliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, yakafika kwetu kati ya 1890 na 1892. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipopita Ngorongoro mwezi Machi 1892 aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa kwa sababu mifugo ilikuwa imekwisha. Cha pili ni funza wa miguuni. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alishuka Angola kutoka katika meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akalivuka bara zima, na katika miaka ya 1890 akawa ameenea Afrika ya Mashariki. Babu aliyesimulia jinsi watu walivyoanza kukatika vidole vya miguu alikuwa anakutajia muongo bila kujua. Kisha kuna vita vya Wajerumani na Waingereza, 1914 hadi 1918. Kuna nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kuna mafuriko ya mvua za Uhuru, 1961 na 1962. Na kuna Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970.

Hata jina la mtu ni kigingi. Katika mkoa huo huo wa Mara, inasimuliwa kwamba Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi, ambao kwa Kizanaki huitwa nyerere. Mwanawe, Mwalimu, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa tazama jinsi kigingi kinavyofanya kazi. Tuseme babu wa yule Mmaina wetu wa 1950 alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, anachunga, ng'ombe walipoangamia kwa sotoka. Basi alizaliwa karibu na 1880. Kati yake na mjukuu ni vizazi viwili katika miaka 70, yaani miaka 35 kwa kizazi. Katika familia hii hesabu ya 25 imeanguka, na babu wa babu anarudi karibu na 1810. Hatujapata mwaka kamili, lakini tumepata mahali pa kusimama.

Lakini njiani kuna mitego, nami nitataja miwili. Wa kwanza ni Misri. Wakurya, Wagusii na Walogoli wote husimulia kwamba walitoka Misri. Wanahistoria wengi huiona njia iliyo karibu zaidi, ile ya kutoka upande wa Mlima Elgon, kuwa ndiyo yenye ushahidi wa kutosha, na huhisi kwamba jina Misri lilipata nguvu baada ya watu kuanza kusoma Biblia. Ina maana simulizi huweza kula maneno ya kitabu na kuyatoa kama yake. Ukisikia jambo, uliza msimulizi alilipata kwa nani. Sisi wa redio tulifundishwa hivyo chuoni: habari ya mtu mmoja ni tetesi, na watu watatu waliosikia kwa mtu mmoja bado ni chanzo kimoja.

Mtego wa pili ndio mchungu. Simulizi ya nani alifika kwanza haisimuliwi bure. Tarime imeshuhudia mapigano ya koo kwa miaka mingi, watu wakiuana kwa ng'ombe na kwa mipaka ya ardhi, hata Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Panapokuwa na mgogoro wa ardhi, kila ukoo huja na babu yake aliyetangulia. Mmoja anataja Wamaina wa mzunguko wa juzi, mwingine anataja Wamaina wa mzunguko wa nyuma yake, na wote wawili wanaamini wanasema kweli. Vijana wanaobishana juu ya mfalme wa Zelda wakikosana watazima kompyuta na kwenda kulala. Hawa wakikosana kuna nyumba itakayochomwa.

Isitoshe, vipande vyenyewe vinapungua. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Majina kama Nyabirama na Gokona leo yanajulikana zaidi nchini kuwa ni majina ya mashimo ya mgodi. Simulizi inayosema babu alizikwa chini ya kilima fulani inahitaji kilima. Na wazee wenyewe hawatungoji.

Wapo waliokwisha kuanza kazi hii. Paul Asaka Abuso alitoa mwaka 1980 kitabu cha historia ya Wakurya tangu takriban mwaka 1400 hadi 1914. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara Kusini, miongoni mwao Waikizu, Wangoreme, Wanata na Waikoma. Hata hivyo vitabu hivi havikufika katika kila kijiji, wala havikuuliza habari za kila ukoo.

Kwa hiyo nawageukia wale vijana wa michezo, kwa sababu ujuzi wanao. Wamezoea kuokota kipande, kukiweka kando ya kingine, na kukataa mfuatano unaojipinga wenyewe. Likizo hii mkienda kijijini, iwe Genkuru au kwingineko, chukueni simu zenu mrekodi. Msimuulize mzee ni mwaka gani. Muulizeni alikuwa amekwisha kutahiriwa au bado, na wenzake wa jando, yaani esaro yake, waliitwaje. Kundi hilo la msimu mmoja lina tarehe iliyo karibu zaidi kuliko irikora. Muulizeni kama ni kabla au baada ya ng'ombe kufa, kabla au baada ya nzige. Muulizeni aliyasikia kwa nani. Kinamama wazee waulizeni pia, maana mwanamke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine amekuja na historia mbili.

Kisha vukeni mpaka mkaulize ukoo wa pili. Simulizi zikitofautiana, msichague ile ya kwenu. Ziandikeni zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema na siku aliyoisema. Siku baraza la wazee litakapokaa kuamua ugomvi wa shamba, karatasi hiyo yenye simulizi mbili itawasaidia kuliko kelele za kila upande, kwa kuwa itaonyesha ni wapi wote wanakubaliana, na ni Wamaina wepi hasa wanaobishaniwa.