Mbwa Mzee Asinyimwe Chakula, Abadilishiwe

Wengi wetu katika kambi za mashamba tunafuga mbwa wa kulinda usiku. Afikapo miaka 7 au 8 mbwa huanza uzee, na wale wa umbo kubwa huzeeka mapema zaidi. Hapo wengine humpunguzia chakula wakisema hana kazi tena. Mimi nami nilifanya hivyo. Mbwa wangu akakonda mpaka uti wa mgongo ukatokeza, kumbe meno yalikuwa mabovu, ugali mkavu ulimshinda.

Mbwa mzee akinenepa, punguza ugali, usipunguze nyama wala dagaa, kwani misuli yake inakwisha. Mpapase mbavu: zikiguswa kwa urahisi bila kutokeza, yu sawa. Mwenye meno mabovu alainishiwe chakula kwa mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa, hata kikipikwa. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Usibadilishe chakula kwa siku moja, ataharisha. Siku mbili za kwanza changanya robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, hata wiki iishe.

Lakini akinywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa sana huku anakonda, hiyo si kazi ya sufuria. Huenda ni figo, au kisukari. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kambini kwetu tulichanga gharama, maana alikuwa akilinda milango ya safu nzima.