Aiskrimu bila maziwa: inatengenezwaje, na inaweza kuwa biashara hapa Nakivale?

Je, ukinywa maziwa tumbo linaunguruma, linajaa gesi au unakimbilia choo? Usidhani umerogwa. Maziwa yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi. Mtoto mchanga huimeng'enya vizuri, lakini kwa takriban watu wawili kati ya watatu duniani uwezo huo hupungua wanapokua. Katika jamii za wafugaji wengi hawapati shida hiyo, ndiyo maana jirani yako anamaliza jagi zima na wewe glasi moja inakulaza. Mtindi una nafuu kidogo, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Mzio wa maziwa ni jambo jingine. Hapo mwili unapambana na protini za maziwa, na hata kijiko kimoja kinaweza kuleta vipele, kuvimba midomo au kushindwa kupumua. Ukiona dalili hizi kwa mtoto, mpeleke kituo cha afya haraka. Mtu mwenye mzio asile hata bidhaa iliyoandikwa "haina laktosi", kwa kuwa bado ni maziwa. Na mama anayenyonyesha: haya yote hayahusu maziwa yako. Endelea kunyonyesha.

Mashine ya dola moja na nusu

Mwaka 2005, katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon nchini Marekani, Luna Marcus na Larry Kaplowitz walianza kuuza aiskrimu ya tui la nazi kwa jina la Coconut Bliss. Mashine yao ya kwanza ilikuwa ya mtumba, waliinunua kwa dola 1.50. Walijaribu jikoni, wakawaonjesha marafiki, kisha wakapeleka kwenye maduka ya mjini kwao. Baadaye kampuni ilipata wenye mali wapya na jina jipya, Cosmic Bliss, ikaanza kuuza pia aiskrimu yenye maziwa. Kwa hiyo usiamini jina la bidhaa. Soma kilichoandikwa kwenye kopo.

Kwa nini nazi? Aiskrimu inahitaji mafuta ili iwe laini mdomoni, na tui zito linayo. Sukari si ya utamu tu, inazuia mchanganyiko usigande ukawa jiwe. Kazi ya tatu ni kukoroga wakati inaganda, ili chembe za barafu zibaki ndogo na hewa iingie. Ukiacha kukoroga utapata barafu ya kawaida ya watoto, ambayo nayo ina wateja wake.

Huna mashine? Weka mchanganyiko ndani ya sufuria ndogo yenye kifuniko, iweke katika ndoo yenye barafu iliyopondwa na chumvi, kama vikombe vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi. Chumvi huifanya barafu iyeyuke ikiwa na baridi kali kuliko sifuri, na baridi hiyo ndiyo inayogandisha. Zungusha sufuria na koroga kila mara. Chumvi isiingie ndani!

Nazi hapa zinatoka mbali na bei yake inauma. Isingiro ina ndizi. Bogoya iliyoiva sana, ikimenywa, ikakatwa, ikagandishwa na kusagwa kwenye blenda, inakuwa laini kama krimu hata bila sukari. Soya pia inafaa, lakini maziwa ya soya lazima yachemke vizuri, kwani soya mbichi huumiza tumbo. Ukitumia karanga, mwambie mteja kabla hajala. Wapo wenye mzio nazo.

Kabla ya kukopa kwenye kikundi

Hatari kubwa ya biashara hii ni maji. Kugandisha hakuui vijidudu, hulala tu. Tumia maji yaliyochemshwa, osha mikono na vyombo kwa sabuni, na kilichoyeyuka kisigandishwe tena kuuzwa. Kipindupindu hakichagui ladha.

Kisha piga hesabu: ndizi, sukari, umeme au barafu, usafiri, vikombe, na kile kitakachoyeyuka umeme ukikatika. Wengi husahau hicho cha mwisho. Binafsi ningeshauri usinunue friza kwa mkopo mwanzoni. Tengeneza lita mbili tu siku ya soko, uone zinaisha saa ngapi na nani anarudi kununua tena.

Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, lakini leseni ya biashara bado inahitajika, kwa mkimbizi na mwenyeji vilevile. Uliza ofisi ya kata ndogo au Ofisi ya Waziri Mkuu iliyo katika makazi yako. Kama unasoma haya ukiwa nchi nyingine, masharti ni tofauti, hivyo uliza kabla ya kutoa pesa.