Uzamili wa Sanaa Usiomtenga Msanii na Hesabu Zake

Mwanamuziki wa NUTA Jazz hakulazimika kujua kuandaa bajeti. Bendi hiyo ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, usafiri ulikuwa wa mwajiri, na mwisho wa mwezi mshahara ulitoka. Bendi za jeshi, za polisi na ya kiwanda cha Urafiki ziliendeshwa hivyohivyo, na wachezaji wa Kikundi cha Taifa cha Ngoma walikuwa waajiriwa wa serikali. Kazi ya msanii ilikuwa kupiga, kuimba na kucheza. Kutafuta ukumbi, kuandika barua na kulipia mafuta ya gari kulikuwa na mtu wake.

Mtu huyo hayupo tena. Mashirika ya umma yalipodhoofika miaka ya 1980, na soko huria likashika kasi katika muongo uliofuata, mwajiri alijitoa lakini majukumu yake yalibaki, yakamwangukia msanii. Nenda leo Kiwalani, jirani na Vingunguti na Kipawa, utazame kikundi cha vijana wanaocheza singeli kwenye shughuli za mtaani. Kijana mmoja hapo ndiye mwalimu wa mazoezi na mweka hazina, ndiye anayepatana na mwenye shughuli kuhusu malipo, na ndiye anayekodi kirikuu ya kubebea spika. Hakuna aliyemfundisha hata robo ya kazi hizo. Kwa ajili ya watu kama yeye, wakishapata shahada ya kwanza, napenda kueleza aina ya masomo ambayo bado hatujayapa uzito unaostahili: shahada ya uzamili inayounganisha utendaji wa sanaa na usimamizi wake.

Tatizo ambalo masomo haya yanalilenga lilielezwa vizuri na wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, katika kitabu chao cha mwaka 1966. Hoja yao ni nyepesi kuifuata hata kwa asiye mwanauchumi. Kiwanda cha Barabara ya Nyerere kikinunua mashine mpya, wafanyakazi walewale hutoa bidhaa nyingi zaidi kwa saa, na mishahara yao inaweza kupanda bila kiwanda kupata hasara. Ngoma haina mashine ya namna hiyo. Ngoma iliyohitaji watu kumi na wawili miaka hamsini iliyopita inahitaji kumi na wawili hadi leo, tena kwa muda uleule. Nauli, chakula na kodi ya nyumba vinapanda, gharama ya onyesho inapanda navyo, lakini kiingilio hakiwezi kupanda kwa kasi hiyo bila kuwafukuza watazamaji. Kwa hiyo ukumbi kujaa si ushahidi kwamba kikundi kina afya ya fedha.

Tumeliona hili nyumbani. Tamasha la Sauti za Busara lilianza Zanzibar mwaka 2004, likawa miongoni mwa matamasha ya muziki yanayoheshimiwa zaidi Afrika, likijaza Ngome Kongwe kila Februari. Mwaka 2016 halikufanyika. Wasanii walikuwepo na wapenzi wa muziki walikuwepo, lakini fedha za wafadhili hazikutosha. Lilirejea mwaka 2017, na kurejea kwake kulikuwa kazi ya usimamizi kama vile onyesho lenyewe lilivyo kazi ya wanamuziki.

Lakini mfano ninaouthamini kuliko yote ni Tuseme. Mwaka 1996, Profesa Amandina Lihamba na Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wote wawili waandishi wa tamthilia, walianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa wasichana wa sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe yaliyokuwa yakiwakwamisha shuleni, wakayageuza kuwa igizo, wimbo na ngoma, wakaigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wakajadiliana nao la kufanya. Hadi hapo ni sanaa. Baadaye Profesa Mlama aliongoza FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao yake Nairobi, na Tuseme ikaingia katika shule za nchi nyingine za Afrika. Igizo la shule moja halivuki mpaka kwa uzuri wake tu. Huvuka kwa mwongozo ulioandikwa, walimu waliofunzwa, bajeti iliyokubaliwa na ripoti inayosomeka. Mwandishi wa tamthilia alipokuwa pia kiongozi wa taasisi, njia ilifunguka.

Shahada ninayoizungumzia inamwandaa mtu wa namna hiyo. Mwanafunzi hatoi tasnifu tu. Anatunga kazi na kuionyesha hadharani: igizo, albamu, maonyesho ya picha au filamu fupi. Anaandika maelezo ya kitaaluma kuhusu swali ambalo kazi hiyo ilikuwa ikilichunguza. Na anawasilisha jalada la uendeshaji, lenye bajeti ya kabla na hesabu za baada, mikataba ya kila mshiriki, vibali, na maelezo ya waliokuja kutazama na walikotoka.

Kosa la kuepuka ni kushona vipande viwili visivyojuana, asubuhi mazoezi na mchana uhasibu unaofundishwa na mtu asiyewahi kusimama jukwaani. Kuchagua wachezaji saba badala ya kumi na wawili ni uamuzi wa fedha, na ni uamuzi wa kisanaa vilevile, kwa kuwa umbo la ngoma linabadilika. Kucheza chini ya turubai Kiwalani, ambako watoto wamekaa mchangani hatua mbili kutoka kwa mpiga ngoma, kunadai urefu, sauti na lugha tofauti na ukumbi wa mjini wenye viti. Mtahini anayesoma bajeti bila kuliona onyesho hajatahini kitu.

Sheria nayo ifundishwe hapohapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Msanii anayeuza wimbo wake moja kwa moja kwa fedha za kulipia pango la miezi miwili anauza pia kilicho cha watoto wake.

Nje kuna pa kujifunzia. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kimekuwa kikitoa uzamili wa sera na usimamizi wa utamaduni, na Goldsmiths ya London uzamili wa ujasiriamali wa ubunifu na utamaduni. Ila sisi hatuanzi mikono mitupu. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kinachoitwa TaSUBa tangu mwaka 2007, chenye jukwaa, walimu wa ngoma na tamasha lake. Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna idara ya sanaa yenye historia tangu miaka ya 1960, na shule ya biashara iko kampasi hiyohiyo. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii wana studio ndani ya makontena na wageni huingia kutazama. Taasisi hizi zikiketi meza moja, shahada hii inaweza kuendeshwa hapahapa kwa walimu tulionao. Naomba jambo moja wasilisahau watakapopanga ratiba: msanii hufanya kazi Ijumaa hadi Jumapili, basi vipindi viwe Jumatatu hadi Jumatano.

Nawe kijana wa Kiwalani mwenye shahada ya kwanza na kikundi, usisubiri tangazo la chuo. Kuanzia onyesho lijalo, andika tarehe, mahali, nani alilipwa na kiasi gani, na watu wangapi walikuja. Rekodi picha jongefu ya onyesho zima, na hakikisha kila aliyeshiriki ametia saini mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Kumbukumbu hizo, pamoja na kazi yenyewe, ndizo utakazoziweka mbele ya jopo la usaili siku utakapoitwa.