Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar

Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko hilo mwaka 1873 kwa shinikizo la Uingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huohuo. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, ambaye kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa lake la kuba ndefu halina nguzo za kati. Duara la marumaru mbele ya madhabahu linaonyesha mahali panaposemekana watumwa walichapwa viboko. Karibu na mlango zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini; inasimuliwa kuwa mafundi walikosea Steere akiwa safarini. Msalaba mmoja umechongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya utumwa.

Nje kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, zilizowekwa mwaka 1998. Ibada zinaendelea hadi leo, hivyo mgeni avae mavazi ya heshima.