Daftari la Mama Mdogo

Mama mdogo ana daftari la shule la kurasa 96. Ndani hamna madeni ya duka wala mapishi. Kuna tarehe na namba: 2.1, 3.8, 6.9. Ni vipimo vya thairoglobulini, protini inayotolewa na seli za tezi ya shingo peke yake. Aliyeondolewa tezi nzima kisha akapewa iodini yenye mionzi hatarajiwi kuwa nayo. Ikianza kupanda, ujue kuna seli zimejificha mahali na zinazaana.

Saratani yake ya tezi hiyo iligunduliwa akiwa na miaka 41, ikarudi baada ya miaka tisa. Siku alipotuambia "imerudi", nyumba nzima ilianza kuongea kwa kunong'ona kama iko matangani. Nami nilinong'ona. Sasa naona tulimzika mapema, maana kuna kurudi na kurudi.

Ikirudi kwenye tezi za limfu za shingoni, daktari wa upasuaji bado ana nafasi ya kuziondoa, na zikiwa ndogo sana huweza kuachwa na kufuatiliwa kwa ultrasaundi. Mapafuni ni habari nzito zaidi, na mifupani nzito kuliko mapafuni. Umri nao una uzito wake. Tangu 2018 mfumo wa kupanga hatua za saratani hii umehamisha mpaka kutoka miaka 45 hadi 55: aliye chini ya umri huo, mwenye aina ya papilari au folikula, huhesabiwa hatua ya 2 hata kama ugonjwa umefika mapafuni. Mama mdogo alikuwa na 50, na vidoadoa vyake vilikuwa mapafuni.

Lakini swali ninaloliweka mbele ya yote ni hili: seli zilizorudi bado zinakula iodini? Tezi ya shingo huivuta iodini kutoka kwenye damu ili itengeneze homoni. Ndiyo maana chumvi yetu hutiwa madini joto. Saratani ikibaki na tabia hiyo, itaimeza iodini yenye mionzi kama chakula, na mionzi itaiunguza kutoka ndani. Ikiisahau, dozi hupita bila kuigusa.

Huko Villejuif, Ufaransa, madaktari walifuatilia wagonjwa 444 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa nje ya shingo. Wale ambao baada ya dozi za iodini picha zao zilisafika kabisa, asilimia 92 walikuwa hai miaka kumi baadaye. Ambao hazikusafika, asilimia 19. Wengi wa kundi la kwanza walikuwa vijana zaidi, na ugonjwa wao haukuwa umetapakaa.

Ili seli ziipokee dozi, hushindishwa njaa ya iodini kwanza. Kwa mtu wa Tanga, wiki mbili za njaa hiyo ni mtihani: hakuna samaki wa baharini, pweza, mayai, maziwa, wala chumvi ya dukani. Alikula wali wa nazi usio na chumvi, akiusukumasukuma sahanini kwa kijiko. Vidonge vya homoni alikuwa amesimamishiwa, akawa anachoka na kutetemeka kwa baridi mchana wa jua kali.

Kisha kuna kasi. Watafiti wa Hospitali ya Kuma, Kobe, walionyesha mwaka 2011 kwamba muda ambao thairoglobulini huchukua kujizidisha mara mbili hueleza mengi. Ikijizidisha ndani ya mwaka mmoja, ni takriban nusu tu ya wagonjwa walioepuka kuuawa na saratani hiyo katika miaka kumi. Ikichukua mwaka mmoja hadi mitatu, ni 95 kati ya 100.

Hapo ndipo ninapokasirika. Vipimo vyake vya miaka ya mwanzo vilipotea na faili katika hospitali ya kwanza. Daktari aliyempokea baadaye hakuwa na cha kulinganisha, ikabidi asubiri miezi hadi apate namba mpya. Daftari lilinunuliwa jioni ya siku alipoambiwa hivyo, na kila jibu huandikwa humo kabla karatasi ya maabara haijakunjwa.

Namba tatu zile zilipanda kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Chini yake, baada ya dozi ya pili, kuna nyingine ya wino wa buluu, imepigiwa mstari mara mbili: 0.8.