Mrefu au aliyeiva? Ubishi wa kikapu kwenye njia ya Arua na Koboko

KULUVA, UGANDA. Ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Alhamisi, 26 Juni 2025, kwa saa za Afrika Mashariki, shughuli ya drafti ya NBA ilipokuwa ikianza mjini New York. Huku West Nile ni saa ya dereva wa lori na ya mama anayefunga mizigo awahi mpakani kabla ya foleni. Hata hivyo wapo waliokesha na simu mkononi. Kabla hakujapambazuka walikuwa wamepata jibu: Khaman Maluach, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Rumbek na kukulia Kawempe, Kampala, amechaguliwa wa 10.

Jibu hilo halikumaliza ubishi. Swali linalowagawa mashabiki wa kikapu kutoka Kuluva na Arua hadi Koboko, Waganda, Wakongomani na Wasudani Kusini, ni la siku zote: timu ikipewa nafasi moja ya kuchagua, ichukue kijana mrefu ambaye bado hajaiva, au yule mfupi kidogo ambaye kazi anaijua tayari?

Kwa asiyefuatilia, drafti si usajili kama wa soka. Ligi ya NBA ina timu 30. Kila mwaka zinapangwa foleni na kuchagua vijana wapya mmoja mmoja, raundi mbili. Timu 14 zilizokosa nafasi ya mtoano huingia kwenye bahati nasibu, na dhaifu zaidi ndizo zinazopewa matumaini makubwa ya kuwa mbele. Bahati nasibu haina undugu na mtu: mwaka 2025 Dallas ilikuwa na asilimia 1.8 tu ya kupata nafasi ya kwanza, ikaipata, ikamchukua Cooper Flagg.

Nafasi yenyewe ni mali. Inauzwa, inabadilishwa, inawekwa rehani miaka kabla kijana mwenyewe hajajulikana. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa sana hapo. Anayemlipa mkulima simsim ikiwa bado maua anajua anachonunua: bei ni nafuu, lakini mvua ikigoma hasara ni yake peke yake.

Ndivyo ilivyotokea kwa Maluach. Siku tatu kabla ya drafti, Houston na Phoenix zilikubaliana kumhamisha nyota Kevin Durant, na nafasi ya 10 ilikuwa sehemu ya malipo. Usiku wa tukio kijana alipanda jukwaani na kofia ya Houston kichwani, akabubujikwa na machozi mbele ya kamera, huku mzigo ukijulikana tayari kuwa ni wa Phoenix. Makaratasi yalikamilishwa Julai. Wanaouza bidhaa kabla haijavuka forodha walilielewa jambo hilo upesi kuliko watangazaji wengine.

Kambi mbili

Kambi ya kwanza inahesabu kwa futi. Maluach anatajwa kuwa na urefu wa mita 2.18, na akinyoosha mikono pande zote mbili anapita mita 2.3. Katika msimu wake mmoja wa chuo kikuu cha Duke alipata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mchezo, na zaidi ya asilimia 70 ya mipira aliyorusha akiwa uwanjani ilizama. Wanaomtetea wanaongeza jambo ambalo wengi hulipuuza: kwenye mipira ya adhabu alifunga zaidi ya 7 katika kila 10. Kwa mtu wa urefu ule hiyo ni dalili njema, maana mkono unaotulia kwenye adhabu unaweza kufundishwa kurusha kutoka mbali.

Tena alianza kikapu mwaka 2019 tu. Hakuwa na viatu vya saizi yake, akawa anajifunza akiwa na Crocs, na kufika uwanjani ilikuwa safari ya kama saa nzima kwa miguu. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 16, alikuwa Kombe la Dunia na timu ya taifa ya Sudan Kusini. Wanauliza: aliyetoka huko hadi hapa kwa miaka sita, akipewa sita mingine atafika wapi?

Kambi ya pili inataja jina moja tu: Hasheem Thabeet.

Mwaka 2009 Memphis ilikuwa na nafasi ya pili. Ikamchukua Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Aliyefuata, wa tatu, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Kabla msimu wa kwanza haujaisha Thabeet alikuwa ameteremshwa ligi ya chini, na hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa kabla yake. Tangu hapo, kila kijana mrefu wa Afrika Mashariki akitajwa, lazima atokee mtu wa kuuliza: na Curry nani atamlipa?

Kambi hiyo ina ushahidi wa karibu zaidi pia. Tarehe 5 Aprili 2025, Duke ilicheza na Houston, timu ya chuo kikuu si ile ya NBA, katika nusu fainali ya vyuo. Duke ililala 70-67. Maluach alicheza kama dakika 20 bila kuokota ribaundi hata moja. Senta wa mita 2.18 kutoka bila ribaundi katika mchezo mkubwa kuliko yote ya mwaka si jambo la kufunika kwa maneno matamu.

Hata hivyo kumlinganisha na Thabeet ni kupima magunia kwa macho. Thabeet aliingia NBA akiwa na miaka 22 na alitarajiwa kufanya kazi siku hiyohiyo. Maluach aliingia na miaka 18. Na kama umri ndio hoja, Wakongomani wanaovuka Vurra kutoka Aru na Ariwara wanao mfano wao: marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa alichaguliwa wa nne mwaka 1991 akiwa amefikisha miaka 25, na Denver ilipata mlinzi wa kikapu aliyeiva kabisa, ambaye baadaye aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa wa saba mwaka 2021 akiwa na miaka 18, naye amechukua muda. Kosa la Memphis huenda halikuwa urefu wa Thabeet. Lilikuwa kulipa bei ya zao lililoiva kwa zao changa, halafu kukosa subira ya kupalilia.

Karatasi kabla ya kikapu

Siku ileile ya nusu fainali, 5 Aprili, Washington ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Chanzo kilikuwa mvutano juu ya mtu mmoja aliyerudishwa kutoka Marekani. Juba ilimkataa ikisema si raia wake bali Mkongomani, na siku tatu baadaye ikakubali kumpokea. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akisubiriwa na nusu ya ligi aliingia uwanjani huku hati yake ya kuishi nchini humo ikiwa mashakani, kwa kosa lisilomhusu hata kidogo.

Hapa ndipo mashabiki wa njia hii wanapowazidi wachambuzi wa televisheni. Wachambuzi walipima mikono na kuruka. Anayepita Oraba kwenda Kaya anajua kwamba mzigo mzuri wenye karatasi mbaya hulala mpakani hadi uoze. Timu ikiamua kati ya vijana wawili wanaokaribiana, na mmoja hajulikani kama ataruhusiwa kubaki nchini, mizani inainama upande gani?

Si jambo geni kwa vijana wa huko. Manute Bol, mrefu wa mita 2.31, alichaguliwa na San Diego mwaka 1983 na ligi ikaufuta uteuzi huo kwa kutofuatwa taratibu. Inasimuliwa kwamba pasipoti yake ilimwandika kuwa na futi tano na inchi mbili, kwa sababu ofisa alimpima akiwa ameketi. Ilibidi asubiri hadi 1985, Washington ilipomchukua wa 31, na msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397. Thon Maker, aliyezaliwa Wau na kupitia Uganda akiwa mtoto mdogo kabla ya kwenda Australia, aliandamwa na maswali ya umri mwaka 2016. Milwaukee haikuyajali, ikamchukua wa 10, nafasi ileile ya Maluach.

Mzaliwa wa Wau mwenye vita mgongoni akiulizwa cheti cha kuzaliwa atoe wapi? Ofisa wa uhamiaji ana haki ya kuuliza. Lakini makosa ya karani yanalipwa na kijana.

Ni wa nani?

Ukisimama Salia Musala, karibu na Koboko, nchi tatu zinakutana, na tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022 zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo ubishi wa pili unapokolea. Wasudani Kusini wanasema Maluach ni wao, na jezi inawashuhudia: alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Puerto Rico 90-79 katika Olimpiki ya Paris 2024, mchezo ambao waandaaji walianza kwa kupiga wimbo wa taifa usio wao, ule wa Sudan ya Khartoum. Wiki moja kabla, mjini London, kikosi hicho kilikuwa kimepoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101-100.

Waganda wanajibu kwamba mpira aliushikia Kampala, na mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers katika Ligi ya Kikapu ya Afrika. Wasudani Kusini wanakumbusha kuwa mwaka 2022, katika ligi hiyohiyo, alivaa ya Cobra Sport ya Juba. Kati ya hapo aliichezea AS Douanes ya Senegal, alikokuwa akisoma katika akademi ya NBA mjini Saly. Wote wana haki, na hakuna anayepata senti.

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Katika soka, kijana akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine, kanuni za FIFA zinataka klabu zilizomlea zipate fungu. Drafti haina kitu kama hicho. Mkataba wa aliyechaguliwa wa 10 unaanzia zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka, na uwanja wa Kawempe haumo kwenye hesabu. Mkulima wa simsim angalau alipewa kitu ikiwa bado maua.

Kinachorudi kinarudi kwa hiari ya mtu. Luol Deng, mkimbizi aliyepitia Misri na Uingereza, alichaguliwa wa saba mwaka 2004, naye pia akitokea Duke baada ya msimu mmoja, naye pia akipitishwa mkono kwa mkono: Phoenix ilimchukua na kumpeleka Chicago. Baada ya kustaafu alichukua uongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini na kugharamia mengi kwa mfuko wake. Timu ilifika Paris wakati nchi haina hata ukumbi mmoja wa ndani wa kikapu. Kambi za mafunzo za taasisi yake ndizo zilizomfikia Maluach.

Lakini Deng ni mmoja, na vijana ni wengi. Makazi ya Bidi Bidi huko Yumbe yalifunguliwa Agosti 2016 na ndani ya mwaka mmoja yalipokea watu zaidi ya 270,000, wengi wao watoto. Ongeza Rhino Camp na Imvepi. Soka linahitaji mpira na vijiti viwili. Kikapu kinataka sakafu ngumu, ubao, pete ya chuma na mtu anayejua kufundisha. Mbishi anayeuliza timu ipi imchukue nani mwaka ujao anauliza juu ya wale waliokwisha kupata sakafu.

Kuhusu Phoenix, ubishi unaendelea. Usiku uleule wa drafti, klabu hiyo ilimnunua Mark Williams, senta mwingine, mkubwa kwa umri na aliyepitia Duke pia, na msimu ulipoanza Williams ndiye aliyeanza huku Maluach akisubiri benchi. Kambi ya pili inasema hiyo ni dalili ya duka lisiloamini bidhaa yake. Kambi ya kwanza inasema huo ni ununuzi wa busara: mmoja wa kuuza leo, mwingine wa kuweka ghalani.

Mchezo unaoanza saa moja jioni Phoenix unaanza saa kumi na moja alfajiri huku. Anayeelekea Oraba anaweza kutazama robo ya kwanza kwenye simu kabla gari halijaondoka.